Jiko la Kasuku

Mosi alinipa kazi yake ya mwisho mchana mmoja, baada ya kukataa uji. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda chake cha kamba, uso kaupa ukuta, na binti yake Rehema ameketi miguuni akimpepea kwa pepeo la ukili. Akasema bila kugeuka, "Mwanaidi, nikifa nisizikwe mjini. Nivushwe mto, nizikwe ng'ambo, kwa Mabruki." Rehema akaacha kupepea. Mtu mwingine angesema, usiseme hivyo shoga, Mungu atakuafu, halafu angeondoka na maneno yale yakabaki pale pale kitandani. Mimi nilijua anachokingoja. Nikasema, "Labeka. Ukifa usizikwe mjini. Uvushwe mto, uzikwe ng'ambo, kwa Mabruki. Mimi Mwanaidi." Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama kwa yale macho yake ya kucheka, akasema, "Haya, nipe huo uji." Akanywa kidogo, akalalamika kuwa hauna chumvi.

Ijumaa haikumkuta. Alipofariki, mkwewe Salehe, mume wa Rehema, mtu mzima mwenye kilemba na kauli, alisema mama atazikwa kwenye makaburi ya mjini kama watu wote. "Ng'ambo kuna nini?" akauliza. "Viboko na matete." Wazee waliokaa barazani wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nikasimama mlangoni mwa chumba alimolazwa marehemu, na uzee wangu huu, nikawaambia kuwa maiti hatoki humu mpaka nisikilizwe. Najua walimwona bibi kizee aliyepagawa na msiba. Sikuwa nimepagawa hata kidogo. Nilikuwa kazini, na kazi yenyewe nilifundishwa nikiwa msichana, mwaka ule niliokaa jikoni kwa Bi Mwanakheri. Niliwasimulia pale pale mlangoni, kwa ufupi, maana maiti hasubirishwi. Hapa nitasimulia kwa nafasi.

Ulikuwa mwaka wa kabla Wadachi hawajautwaa mji, wakati misafara ya bara ilipokuwa bado inaingia Bagamoyo kwa ngoma na baragumu, na watu wanamwagika njiani kuitazama. Vijana wa leo husikia habari za pembe za ndovu tu. Hawaulizi wale waliozibeba walikula nini. Walikula chakula chetu. Tajiri akipata habari kwamba msafara wake umekaribia Mto Ruvu, humpelekea neno Bi Mwanakheri, na sisi tunaamka kupika. Desturi ilikuwa wapagazi wasiingie mjini na njaa. Chakula kilichukuliwa kichwani mpaka kivukoni, asubuhi ya siku ya kuingia, wakala, wakaoga, wakavaa nguo mpya, ndipo wakauingia mji wakiwa watu na si mizigo iliyobeba mizigo. Bi Mwanakheri aliiheshimu sana desturi hiyo. Alikuwa akisema mtu aliyetembea miezi na mzigo begani, tonge lake la kwanza la pwani ndilo atakalolisimulia kwao, na hataki jina lake lisimuliwe vibaya huko Unyamwezi.

Mpaka leo nikifumba macho nauona ua ule. Ulizungushiwa makuti, na mafiga yamepangwa kwa safu chini ya banda refu lililoiva moshi, hata ukiegemea nguzo unaondoka na alama mgongoni. Upande mmoja kulikuwa na vinu, upande mwingine mbuzi za kukunia nazi, na katikati magunia ya mtama na mchele ambayo paka hulala juu yake. Chumba cha Bi Mwanakheri kilitazama uani kwa dirisha moja dogo, na hapo alikaa kwenye kitanda, sahani ya tambuu ubavuni, magoti yake yakiwa hayamruhusu tena kusimama motoni. Sauti yake ilitoka dirishani na harufu ya karafuu. Tulipika ugali wa mtama kwa watu wa bara wasiozoea wali, wali wa nazi kwa waliouzoea, mbaazi, mchicha, na papa wa chumvi ambaye wapagazi walimpenda kuliko nyama. Wenyewe tulikula mwisho, tukikaa chini tumeizunguka sufuria, tukigombania ukoko. Mimi nilikuwa hodari wa ukoko. Mosi hakuugombania kamwe, na kila siku kipande kilimfikia, kwa sababu nilimwekea.

Mosi alikuwa na mikono mepesi na maneno machache. Mimi nilikuwa na maneno mengi na sauti ambayo mama mmoja pale jikoni aliisifu kuwa inaweza kuangua nazi. Mume wa Mosi, Mabruki, alikuwa mpagazi. Aliondoka na msafara Mosi akiwa na mimba, na mtoto, Rehema, sasa alikuwa akitambaa baina ya magunia, akila mchele mbichi. Baba hajamwona mtoto, mtoto hajamwona baba. Wanawake waliokuwa wakitwanga walipenda kusema, kwa ile sauti ya chini inayokusudiwa isikike, kwamba mwanamume akienda bara huoa bara, na kwamba wengine hurudi wamesahau hata njia ya kwao. Mosi aliendelea kukuna nazi. Siku moja nilimuuliza kama hayamchomi. Akasema, "Mabruki aliniambia atarudi. Nikamwambia nitakungoja. Tumemalizana, wengine wanasema nini?" Wakati ule nilimwona mjinga kidogo. Sikumwambia, lakini nilimwona hivyo.

Sasa niseme habari ya chumvi. Pwani mwanamke akiitwa na mkubwa wake huitika labeka, na aliyelelewa vizuri huitika upesi na kwa sauti tamu. Nasi tulikuwa tumelelewa vizuri sote, na hilo ndilo lililotuponza. Siku ya msafara mmoja mkubwa Bi Mwanakheri aliita dirishani, "Chungu kikubwa kitiwe chumvi!" Ua mzima ukaitika, "Labekaaa!" Uitikio ulipendeza kama wa maulidi. Kila mmoja akaridhika kuwa ameitika, akaendelea na lake, na chumvi ikabaki kwenye kibuyu. Baadaye akauliza kama imetiwa, hakuna aliyejua, akafoka. Tukaona haya. Kila mmoja wetu, kwa siri, ili asionekane ndiye mzembe, akapita karibu ya chungu akatia konzi yake. Mimi nilitia. Mosi alitia. Hata yule wa kuchota maji alitia. Wapagazi walipokula kule mtoni waliruka kama waliokanyaga siafu, na jioni waliingia mjini na wimbo walioutunga njiani, kwamba Bagamoyo bahari imepanda juu, imeingia ndani ya sahani. Mji mzima ulicheka. Bi Mwanakheri hakutoka ndani mpaka wimbo ulipochosha watu.

Alipotuita chumbani mwake tulidhani tunafukuzwa. Tulibanana kwenye mkeka, wengine wamesimama mlangoni, naye akatafuna tambuu yake kwanza. Kisha akauliza, "Nyinyi mmehudhuria ndoa?" Tukasema labeka. "Mwanamume akiambiwa na shehe, nimekuoza fulani kwa mahari kadha, akijibu haya, ndoa imefungwa?" Tukacheka, tukasema hapana. "Akitikisa kichwa je? Akisema inshallah?" Hapana, Bibi. "Basi afanye nini?" Mama mmoja mtu mzima akasema, "Lazima arudishe neno, Bibi. Aseme nimekubali kumuoa fulani kwa mahari hiyo." Bi Mwanakheri akapiga paja lake. "Basi! Mtu mzima, mbele ya wazee na kilemba chake, anarudisha neno wala havunjiki heshima. Na chumvi yangu nayo nataka iolewe hivyo hivyo. Labeka ni adabu, na adabu siikatai. Lakini adabu haipiki." Kuanzia siku ile kila neno lilipewa mtu mmoja kwa jina. Aliyeitwa aliitika labeka, akarudisha neno lote, akajitaja, na alipomaliza kazi akapaza sauti kuwa imekwisha. Kazi isiyorudishiwa neno haijapokewa, na kazi isiyotangazwa haijakwisha hata kama chakula kinaonekana kwa macho.

Nikiri kuwa mwanzoni niliona tunafanywa watoto wa chuo cha Kurani. Na mji ulifurahi kupata la kusema. Ua mzima ulikuwa, "Mosi, chungu cha mwisho chumvi!" "Labeka, chungu cha mwisho chumvi, mimi Mosi!" "Chumvi imeingia!" Wapita njia walisimama nje ya makuti wakituiga, na haukupita muda tukapewa jina, jiko la kasuku. Tukienda kisimani watoto walitupigia mluzi. Mwinyi Kombo, mkubwa wa kivuko, mwenye mitumbwi yote ya Ruvu, alituma salamu kwa Bi Mwanakheri akiuliza kasuku wake wanauzwaje. Bibi akajibu kwamba hawauzwi, ila akitaka kukodi mmoja wa kumhesabia mitumbwi yake, waongee. Lakini chakula kilitoka kwa wakati, hakikuungua, hakikukosa chumvi, na sisi wenyewe tulianza kulala vizuri. Hilo ndilo lililonigeuza. Nilikuwa mtu wa kulala na mashaka, nikiwaza kama fulani alisikia nililomwambia, kama atakumbuka, kama amechukia. Sasa neno lilitoka kwangu likarudi kwangu zima, nikajua limefika. Ni raha kubwa, wala sijui kwa nini watu hujinyima. Mpaka sasa nikizungumza na makarani wa bomani, ambao kila ukiwaambia jambo hujibu ndiyo mama, ndiyo mama, mikono inaniwasha.

Kipupwe kilipoingia ukaja ujumbe kuwa msafara aliokuwamo Mabruki umekaribia. Sijapata kumwona mtu akibadilika vile. Mosi, aliyekuwa akiongea kwa kuhesabu maneno, alianza kuimba motoni. Tulimtia hina mikono na miguu uani pale pale, tukamfukiza udi, na Bi Mwanakheri akampa nguo mpya ya kisutu kutoka sandukuni mwake, akamteua kuwa mkubwa wa wanawake watakaopeleka chakula mtoni. Wale wa vinuni, waliosema ataoa bara, sasa walisema wao walijua siku zote kuwa Mabruki ni mtu wa ahadi. Asubuhi waliondoka baada ya sala, vyungu vichwani, Rehema kafungwa mgongoni kwa Mosi, naye anageuka njiani kutupungia mkono kama anayekwenda kuolewa.

Jua lilikuwa limepanda kiasi alipofika mwanamke wa Kikwere kutoka upande wa Makurunge, aliyezoea kutuletea muhogo. Hakuutua mzigo wake. Akaniambia ana neno la Bi Mwanakheri, nikampeleka dirishani. Akasema shamba la kaka yake liko ng'ambo ya mto, na watu wa msafara ule wamelala huko, na usiku wanazika. Amewaona wengine kwa macho yake, nyuso zimejaa. Ni ndui. Kiongozi wao ameficha, kwa kuwa matajiri wanasubiri pembe zao. Bi Mwanakheri hakupiga kelele. Alimrudishia yule mama neno lake, taratibu, moja moja, na yule mama akasema ndiyo, ndivyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, akasema Bibi, kisha akaniita kwa jina. "Mwanaidi. Nenda kivukoni. Mwambie Mwinyi Kombo msafara una ndui. Mtu asivuke, wa huku wala wa huko. Chakula kivushwe na wavushaji waliokwisha kuugua ndui zamani, wakiache ukingoni. Na Mosi asipande mtumbwi." Nikaitika, nikarudisha neno lote, nikajitaja. Akanishika kifundo cha mkono kupitia dirishani, vidole vyekundu kwa tambuu. "Usirudi bila kinywa chake."

Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena. Mtu asiyeona ndui hajui nilikuwa nakimbia nini. Ilipoingia mjini mara ya nyuma iliacha majumba mazima hayana wa kufungua mlango. Na Mosi hakuwahi kuugua, wala mtoto. Njia nzima nilikuwa nikilisema lile neno kwa sauti, nikipishana na watu waliodhani nina wazimu. Nilipofika, kivuko kilikuwa sherehe. Ng'ambo ngoma zinalia, huku waungwana wa mjini wamekuja kuupokea msafara, wameketi kwenye banda la Mwinyi Kombo wakinywa kahawa kwa haluwa. Mwinyi mwenyewe alikuwa jitu la kupendeza, kanzu nyeupe, kicheko kikubwa, mtu wa watu. Nikamwangukia miguuni.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Njema. Bi Mwanakheri anakusalimu."

"Haya, salamu zimefika."

"Anasema msafara usivushwe..."

"Haya."

"...kwa kuwa una ndui. Mtu asivuke, wa..."

"Haya, haya, nimesikia, inshallah." Alikuwa amekwisha kugeuka kumpokea mgeni mwingine, anamshika mkono. "Mpeni huyu binti kahawa, katoka mbali."

Hapo pana jambo ambalo mgeni wa nchi hii hawezi kuliona. Mwinyi Kombo hakunidharau. Alinifanyia heshima. Kwetu mtu akisema nawe, unamsindikiza kwa haya, haya, ili ajue uko naye, na mkubwa akishasema nimesikia, mazungumzo yamefungwa kama mlango. Msichana hamfungulii mkubwa mlango alioufunga. Unasema ahsante, unakunywa kahawa yako, unakwenda zako. Nilikuwa na kikombe mkononi tayari. Nikakiweka chini.

"Niwie radhi, Mwinyi wangu. Naomba unirudishie neno."

Mmoja akasema, "Aa, huyu ni wa jiko la kasuku!" na kicheko kikapasuka, hata mpika kahawa alicheka. Mwinyi Kombo peke yake hakucheka. "Mimi?" akasema. "Mimi nikariri kama mtoto wa chuo? Nimevusha misafara mama yako hajavunja ungo."

"Ndiyo, Mwinyi. Lakini nimeambiwa nisirudi bila kinywa chako."

"Na nisipokupa?"

"Nitakaa hapa mpaka unipe."

Sauti yangu, namshukuru Mungu, ilibaki ile ile ya kuangua nazi. Akanitazama sana. Kisha akaamua kunifanya mchezo. Akabana pua, akainua mabega kama ndege, akasema kwa sauti ya kasuku, "Mitumbwi isubiri mpaka chakula kiive! Umeridhika?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Kila neno lililowahi kutoka jikoni kwetu kwenda kwake lilikuwa hilo, subirini chakula hakijaiva. Alilisikia kabla sijalisema. Na chakula chenyewe kilikwisha kufika, kwa hiyo kwake yeye hapakuwa tena na la kungoja.

"Silo, Mwinyi," nikasema. "Msafara una ndui."

Kikombe chake kilibaki hewani. Safari hii hakusema haya. Nikalitoa neno lote tena, polepole, na yule mtu mkubwa, mbele ya waungwana wa mji, akalirudisha kwa sauti yake mwenyewe, halisi, bila kuacha hata moja. "Msafara una ndui. Mtu asivuke, wa huku wala wa huko. Chakula kivushwe na wavushaji waliokwisha kuugua ndui zamani, wakiache ukingoni. Mosi asipande mtumbwi. Mimi Kombo." Halafu akatazama mtoni, akasema, "Mosi ni yupi?"

Mosi alikuwa majini. Mtumbwi wa kwanza ulikwisha kusukumwa, naye kaketi katikati, chungu mbele yake, Rehema mapajani. Mwinyi Kombo akakimbilia ukingoni akawaamuru wavushaji warudi. Wakaitika kwa adabu, "Naam, Mwinyi!" na wakaendelea kupiga makasia kwenda ng'ambo. Ngoma ziliwaziba masikio, wao walisikia wameitwa, wakaitika. Nikaingia maji mpaka magotini, sikuwaza mamba, nikapaza sauti. "Mosi! Msafara una ndui! Usivuke! Rudi!"

Alinisikia. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Ng'ambo mtu mmoja alikuwa amejitenga na wenzake, kainua mikono yote miwili juu, na hata mimi niliyemwona Mabruki mara chache tu nilimjua. Mosi akamtazama. Angeweza kujifanya hakunisikia. Nani angemlaumu, na ngoma zile? Wavushaji wenyewe hawakusikia. Mto ulikuwa unampeleka na yeye hakuhitaji kufanya lolote. Kwa muda ule wote nilimpenda kuliko nilivyopata kumpenda mtu, na niliogopa. Kisha sauti yake ikaja juu ya maji, nyembamba, imekatika katikati lakini nzima. "Labeka! Msafara una ndui. Nisivuke. Nirudi. Mimi Mosi." Akainama mbele, akalishika kasia la mvushaji kwa mikono yake yenye hina, akaling'ang'ania mpaka mtumbwi ukageuka.

Msafara ulikaa ng'ambo siku nyingi. Kiongozi wao, alipoona mambo yamejulikana, aliwazuia watu wake mwenyewe, na wavushaji wawili wenye makovu ya ndui ndio waliopeleka chakula chetu na kukiacha kwenye matete. Kila asubuhi Mosi alisimama huku, Mabruki huko, wakaongea kwa kupaza sauti, kivuko kizima kikisikiliza. Mosi alimwinua Rehema juu ya kichwa chake. "Huyu ndiye Rehema! Ana meno!" Na Mabruki, ambaye Mosi alikwisha kumfundisha, akarudisha, "Huyo ndiye Rehema! Ana meno! Mimi Mabruki!" Watu walicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Mosi alimwambia amejenga paa jipya. Akarudisha. Alimwambia alimngoja. Hilo Mabruki alilirudisha polepole sana. Asubuhi moja Mosi aliita na hakurudishiwa. Akaita tena. Mwisho mpagazi mwingine akasogea majini, akasema Mabruki hawezi kusimama. Na asubuhi nyingine yule yule akasogea akasema wamemzika chini ya mkwaju, uso kibla, ametajwa jina na kuombewa. Mosi akamrudishia neno. Lote. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na nilitamani kumziba kinywa.

Ndui haikuingia Bagamoyo kwa njia ile. Waliopona walivuka baadaye, wakala wali wetu, wakaingia mjini bila ngoma. Mwinyi Kombo hakututania tena. Aliwaamrisha wavushaji wake warudishe neno kabla ya kugusa kasia, na mtu aliyecheka aliambiwa aogelee. Lakini Mosi hakusema nami. Alikaa eda yake, akarudi uani, akakuna nazi, na nilipomwekea ukoko aliuacha ukakauka. Sikumwomba msamaha, na sitaomba, kwa sababu sikumkosea. Niliumia, hilo nalisema. Niliumia kila siku. Mpaka siku moja, mwaka unaelekea kwisha, nilimwita kama nilivyowaita wote, "Mosi, chungu cha mwisho chumvi," nikijua atatia kimya kimya kama alivyozoea tangu msiba. Akaitika, "Labeka, chungu cha mwisho chumvi, mimi Mosi." Nikageuka. Alikuwa amenitazama, na machozi yanamtoka. Baadaye kidogo akapaza sauti, "Chumvi imeingia, shoga." Sijapata kusikia neno tamu kama hilo, na nimeolewa mara tatu.

Maisha yake yote Mosi hakuvuka Ruvu. Alimlea Rehema, akapata wajukuu, akanizidi hata kwa maneno uzeeni, lakini mto hakuuvuka. Kila mwaka mimi na Rehema tulikwenda kulipalilia kaburi la Mabruki, naye akatungoja huku ukingoni mpaka tumpe neno kuwa kazi imekwisha. Nilimuuliza kwa nini haji mwenyewe. Akacheka. "Uliniambia nisivuke. Nikarudisha neno. Umepata kuniambia vuka?" Nilidhani ni utani, nami nikacheka. Ilinichukua miaka kujua kuwa haukuwa utani, na nilipojua nilishindwa kulisema neno lenyewe, kwa kuwa niliona wazi alikuwa akilitunza kwa siku yake ya mwisho.

Basi haya ndiyo niliyowasimulia pale mlangoni. Salehe alisikiliza kilemba mkononi. Nilipomaliza hakubisha. Aliuliza tu kama mkwaju bado upo. Jeneza likachukuliwa mpaka kivukoni, na sisi wanawake, ambao desturi haituruhusu kufika kaburini siku ya maziko, tukaishia ukingoni, mimi na Rehema. Walipoliweka mtumbwini niliwaambia wangoje. Nikasogea mpaka maji yakanifika miguuni, nikasema kwa sauti iliyobaki, "Mosi. Vuka. Nenda kwa Mabruki." Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule hakunirudishia neno. Rehema akanibana mkono. Mtumbwi ukasukumwa.

Tulikaa kwenye majani tukitazama ng'ambo. Jua lilikuwa limeanza kulegea Salehe alipotokea kwenye matete peke yake, kanzu imelowa, udongo mikononi. Alisimama pale pale alipokuwa akisimama Mabruki. Hakuna aliyemfundisha, ila tu alikuwa amesikiliza. Akaweka viganja kinywani. "Bi Mwanaidi! Mama amevuka! Amezikwa kwa Mabruki! Mimi Salehe!" Nikasimama, nikajikung'uta majani, nikamrudishia neno lake lote.